Mbele baridi, nyuma joto: kutafuta hitilafu kwenye AC ya gari yenye kanda za mbele na nyuma

Abiria wa nyuma analalamika joto, dereva anatetemeka kwa baridi. Jibu la kwanza linalotolewa ni "gesi imeisha", gari linajazwa, na baada ya siku tatu lalamiko ni lile lile. Kosa ni kurukia jibu kabla ya kujua mbele na nyuma ya gari hilo zinatumia nini kwa pamoja na kila kanda (sehemu ya gari yenye halijoto yake) ina nini chake peke yake. Kompresa (pampu inayosukuma gesi) ni moja na kondensa (inayotoa joto la gesi nje) ni moja. Kama mbele kunapoa vizuri, hivyo viwili viache kwanza. Kipo kitu kimoja kikuu cha pamoja ambacho kinaweza kuibakiza mbele ikiwa baridi huku nyuma ikizidiwa, nacho ni kiasi cha gesi. Kwa hiyo anayesema gesi imeisha huenda amepatia, lakini amepatia kwa kubahatisha.

Jua kwanza "nyuma" ya gari lako ni ipi

Vitufe vya nyuma vinaweza kufanana kabisa katika magari mawili ambayo ndani yake ni mitambo tofauti.

Katika aina ya kwanza evaporeta (sehemu inayopoza hewa) ni moja tu, ile ya ndani ya dashibodi. Hewa iliyopozwa pale hupita kwenye mfereji wa plastiki chini ya konsoli ya kati, au chini ya zulia na viti vya mbele, kisha hutokea nyuma ya sehemu ya kuegemeza mkono au kwenye nguzo za milango. Kanda zikiwa tatu au nne, kinachozitenganisha ni vilango: kila kanda ina kilango chake cha kuchanganya hewa baridi na hewa iliyopita kwenye hita, na kila kilango kina mota yake ndogo. Magari mengi ya safu mbili za viti yako hivi.

Aina ya pili ina mtambo kamili wa ziada: evaporeta ya pili, feni ya pili, vali ya ekspansheni ya pili (tundu dogo linaloingiza gesi kwenye evaporeta), na mara nyingi hita ya pili. Mtambo huo hukaa ndani ya ubavu wa nyuma wa gari au kwenye paa. Kutoka chumba cha injini, mabomba mawili ya alumini, jembamba na nene, hupita chini ya sakafu kwenda kuulisha. Hii ndiyo hali ya vani, mabasi madogo na SUV nyingi za safu tatu.

Kutofautisha si kazi. Washa feni ya nyuma hadi mwisho, nenda ukakae kiti cha nyuma kabisa, usikilize mvumo unatoka wapi. Kisha chungulia chini ya gari utafute yale mabomba mawili. Mwisho, soma kibandiko cha AC chini ya boneti: kuna magari ambayo kibandiko chake hutaja viwango viwili vya gesi, kimoja cha AC ya mbele peke yake na kingine cha mbele na nyuma. Kibandiko hicho ukipige picha, kwa sababu ndicho fundi asiye makini anachokisoma nusu.

Vitufe kwanza

Sehemu kubwa ya "hitilafu" za kanda ya nyuma ni mipangilio. Kwenye paneli ya mbele huwa kuna kitufe cha kuwasha au kufunga nyuma, kwa kawaida kimeandikwa REAR, na kwenye baadhi ya magari kuna LOCK inayozuia abiria wasiguse vidhibiti vyao. Ikiwa LOCK imewaka, paneli ya nyuma inaonekana imekufa ingawa ni nzima. SYNC ikiwaka, kanda zote hufuata halijoto ya dereva. Ikizimwa, nyuma hurudi kwenye halijoto iliyowekwa mara ya mwisho, ambayo huenda ni nyuzi 28 aliyoiweka mtoto wiki iliyopita.

Mambo mawili zaidi. Kwenye magari mengi nyuma haiwezi kupoa kama AC ya mbele imezimwa, kwa kuwa amri ya kompresa hutoka mbele. Feni ya nyuma itavuma, lakini hewa itakuwa ya kawaida tu. Pili, ukichagua kufuta ukungu wa kioo cha mbele kwa nguvu zote, magari mengi huinyima nyuma hewa makusudi ili yote iende kwenye kioo. Hilo si tatizo.

Pima kabla ya kugusa chochote

Tafuta kipimajoto chenye ncha ndefu. Gari liwe kivulini, milango na madirisha yamefungwa, hewa ya kuzungusha ndani imewashwa, halijoto ya kanda zote imeshushwa hadi mwisho, feni zote mbili ziko juu. Shikilia injini kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika, subiri dakika 10, kisha ingiza kipimajoto kwenye tundu la katikati mbele, la kulia mbele, la kushoto mbele, na matundu ya nyuma ya pande zote. Andika namba zote. Andika na halijoto ya nje.

Nje kukiwa nyuzi 30 hivi na hewa isiyo na unyevu mwingi, tundu la katikati mbele linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 5 na 10. Unyevu ukiwa mkubwa, ongeza nyuzi mbili tatu bila wasiwasi. Kwenye aina ya mfereji, nyuma kuwa na joto zaidi ya mbele kwa nyuzi 2 hadi 5 ni kawaida, kwa sababu hewa imesafiri chini ya zulia lenye joto la bomba la moshi. Kwenye aina ya mtambo wa pili, namba za nyuma zinatakiwa kuzikaribia sana za mbele.

Pima pia nguvu ya hewa kwa kiganja. Hewa kidogo ya baridi na hewa nyingi ya joto ni matatizo mawili yasiyohusiana, ingawa abiria huyaita yote "AC ya nyuma haifanyi kazi".

Nyuma hakuna hewa, au hewa ni hafifu

Kama ni aina ya mfereji, acha umeme kwanza. Ingiza mkono chini ya viti vya mbele. Pale mfereji unapoungana na sakafu kuna kiungo cha plastiki kilichochomekwa tu, na gari lililowahi kutolewa viti ili zulia lioshwe, au konsoli ili redio irekebishwe, mara nyingi hurudi na kiungo hicho kikiwa kimeachana. Hewa yote ya nyuma inaishia chini ya zulia. Utaijua kwa kugusa: sakafu ya mbele ina ubaridi usio na maelezo. Kingine ni vitu vilivyoingia mferejini, sarafu, kalamu, karatasi za pipi, hasa kama matundu ya nyuma yako chini karibu na miguu.

Kisha angalia kichujio cha hewa ya ndani, ambacho kwa kawaida kiko nyuma ya droo ya dashibodi. Kikiziba, kanda inayokufa kwanza ni ya nyuma, kwa kuwa ndiyo yenye njia ndefu zaidi. Ikiwa hewa inaanza vizuri, inadhoofika baada ya saa moja ya safari, na inarudi baada ya kusimama robo saa, evaporeta inaganda barafu; shuku sensa ya halijoto ya evaporeta au gesi pungufu.

Kwenye mtambo wa pili, anza na wavu wa kunyonyea hewa. Kwa kawaida uko ubavuni au chini karibu na kiti cha mwisho, mahali ambapo watu huegemeza mizigo. Mitambo mingi ya nyuma haina kichujio chochote, kwa hiyo nywele, nyuzi za zulia na vumbi huenda moja kwa moja kwenye evaporeta na kutanda juu yake kama blanketi. Toa plastiki ya ubavuni, angalia kwa tochi, safisha kwa brashi laini na povu la kusafishia evaporeta. Usitumie maji ya presha. Mapezi ya alumini yanalala, na yakishalala hewa haipiti tena.

Feni ikiwa haizunguki kabisa, fuata mpangilio huu:

1. Fyuzi ya feni ya nyuma na relei yake. Fyuzi hiyo ni kubwa, mara nyingi ya ampea 20 hadi 30, na kwenye baadhi ya magari iko kwenye kisanduku tofauti na kile cha fyuzi za ndani.
2. Chomoa soketi ya mota ya feni, washa feni juu kabisa, pima volti kati ya nyaya zake mbili. Injini ikiwa inaunguruma, tarajia volti 12 na zaidi. Zikiwepo na mota haizunguki, mota imekufa.
3. Volti zisipokuwepo, pima kila waya dhidi ya bodi ya gari ili ujue kinachokosekana ni chanya au hasi. Hasi iliyooza chini ya zulia lililolowa ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani.
4. Gonga mota taratibu kwa mpini wa bisibisi huku imewashwa. Ikishtuka na kuzunguka, kaboni zake zimekwisha. Itakufikisha leo, kesho hapana.

Feni inayofanya kazi kwenye kasi ya juu tu, imepoteza rezista (kipuri kinachopunguza umeme wa feni kwenye kasi za chini). Kwenye mifumo ya AUTO (inayojirekebisha yenyewe), mahali pa rezista kuna moduli ya transista, na ikiungua feni huganda kwenye kasi moja au hukataa kabisa. Kabla ya kufunga mpya, zungusha feni kwa mkono. Ikikwamakwama au ikisimama mara tu unapoiachia, mota inavuta umeme kupita kiasi na itaichoma rezista mpya kama ilivyoichoma ya zamani. Angalia pia soketi: ikiwa plastiki yake imegeuka kahawia au pini zimelegea, badilisha soketi pamoja na kipande cha nyaya zake.

Nyuma hewa ni nyingi lakini ya joto

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo twende polepole.

Kwenye aina ya mfereji, baridi ya nyuma na ya mbele inatoka evaporeta moja. Mbele ikiwa nyuzi 7 na nyuma 25, kilango cha kuchanganya hewa cha nyuma kimekwama upande wa hita. Hakuna maelezo mengine yenye uzito kama hilo. Ruka hadi sehemu ya mota za vilango.

Kwenye mtambo wa pili, gusa mabomba. Mfumo ukifanya kazi, bomba jembamba linaloingia mtambo wa nyuma huwa vuguvugu au la moto kiasi, na bomba nene linalorudi huwa baridi na limelowa umande. Mabomba yote mawili yakiwa na joto sawa na hewa ya mle, gesi haipiti. Bomba nene likiwa baridi sana huku hewa ni ya joto, evaporeta inapoa lakini hewa inapashwa tena baadaye: kilango kimekwama au vali ya maji ya hita ya nyuma haifungi.

Gesi ikiwa haipiti, visababishi vikubwa ni viwili.

Cha kwanza ni gesi pungufu, na hapa ile picha ya kibandiko inafanya kazi. Gari la evaporeta moja huchukua takribani gramu 450 hadi 700. Lenye mtambo wa pili mara nyingi huvuka 900 na linaweza kufika kilo moja na zaidi. Fundi akisoma mstari wa AC ya mbele peke yake, anaacha mfumo na pengo la gramu mia tatu na ushee. Mbele kutapoa, kwa sababu iko karibu na kompresa na mabomba yake ni mafupi. Nyuma, mwisho wa bomba la mita kadhaa, haipati gesi ya kutosha iliyo katika hali ya maji.

Usiamini geji iliyosomwa injini ikiwa imezimwa. Madhali ndani ya mfumo bado kuna gesi iliyo katika hali ya maji na iliyo mvuke pamoja, presha inaamuliwa na halijoto, si kiasi. R134a (aina moja ya gesi ya AC) kwenye nyuzi 30 husoma bar 6.7 hivi, iwe imebaki gramu 900 au 300. Hata injini ikiwaka, presha za kawaida, bar 2 hadi 3 upande wa chini na bar 12 hadi 17 upande wa juu kwa hali ya hewa ya nyuzi 30, zinaweza kuonekana nzuri wakati robo ya gesi haipo. Njia moja ndiyo ya uhakika: toa gesi yote kwa mashine, ipime, vuta vakyumu kwa dakika 45 au zaidi, ona kama vakyumu inashikilia kwa robo saa, kisha rudisha kwa mizani kiasi kilichoandikwa. Wakati wa kujaza, washa feni ya nyuma juu pamoja na ya mbele ili evaporeta zote mbili zipate sehemu yake. R1234yf, aina nyingine ya gesi, isichanganywe na R134a, na kwa kuwa inaweza kushika moto, iachiwe mwenye mashine yake.

Gesi haiishi kama petroli, ikipungua, inavuja. Kwenye magari haya chunguza kwanza mabomba ya chini ya sakafu. Fungua kibanio kinacholishikilia bomba na uvue mpira wake. Pale chini ya mpira tope na maji hukaa mwaka mzima, na alumini huchakaa kuwa unga mweupe wenye vitobo vidogo. Doa la mafuta lililoshika vumbi ni ushahidi wa kutosha. Usikate kipande na kuunganisha kwa mpira wa maji na klipu: mpira huo haukutengenezwa kwa bar 15, na hata usipopasuka, gesi hupenya kuta zake. Tumia viunganishi vya kubana vya mabomba ya AC au badilisha bomba zima.

Wapo wanaoamua kuifunga nyuma kabisa. Inawezekana, mradi mabomba yote mawili yazibwe kwa vizibo vya chuma pale yanapogawanyika na ya mbele, na gesi ijazwe kwa kiwango cha AC ya mbele pekee. Ukijaza kiwango cha mbele na nyuma kwenye mfumo uliofungwa nusu, presha ya juu itapanda hadi swichi ya usalama ikate kompresa.

Kisababishi cha pili ni vali ya ekspansheni ya nyuma kuziba au kukwama ikiwa imefungwa. Dalili zake: gesi imepimwa na iko sawa, mbele kunapoa, bomba jembamba lina joto hadi kwenye vali, na baada ya vali hakuna baridi, au kuna barafu palepale kwenye vali tu. Uliza gari limefanyiwa nini. Ikiwa nyuma ilianza joto muda mfupi baada ya kompresa kufa na kubadilishwa, jibu umeshalipata: chembe za chuma kutoka kompresa ya zamani zimesafiri hadi kwenye tundu dogo la vali ya nyuma na kukwama hapo. Badilisha vali, safisha mabomba kwa dawa ya kusafishia huku vali ikiwa imetolewa (dawa haipiti kwenye vali), weka kikaushio (kinachonyonya unyevu ndani ya mfumo) kipya na mipira mipya ya viungo iliyopakwa mafuta yaleyale ya kompresa. Baadhi ya magari yana vali ya umeme inayokata gesi ya nyuma. Ukiwasha na kuzima nyuma, usikie "tik" yake kabla ya kuilaumu vali ya ekspansheni.

Ipo hali nyingine inayowachanganya hata mafundi wazuri. Sensa inayozuia evaporeta isigande, kwa magari mengi, iko mbele peke yake. Dereva akishusha feni yake hadi kasi ya kwanza, evaporeta ya mbele hukosa joto la kunyonya, inashuka haraka hadi nyuzi mbili tatu, na kompyuta inakata kompresa au inapunguza nguvu yake. Mbele kumeridhika. Nyuma, penye watu watano na vioo vikubwa, ndiyo kwanza kazi inaanza, na kompresa imelala. Jaribio: pandisha feni ya mbele hadi katikati, zungusha hewa ya ndani, subiri dakika tano. Nyuma ikipoa, hakuna cha kutengeneza.

Kulia baridi, kushoto joto

Weka halijoto sawa pande zote kwanza. Tofauti ikibaki kubwa, nyuzi 6 au zaidi, kuna njia mbili. Kilango cha upande mmoja kimekwama. Au gesi ni pungufu na sehemu moja tu ya evaporeta inapata baridi, hivyo kanda iliyo mbele ya sehemu hiyo inafaidi. Kuzitenganisha: pandisha halijoto ya upande wenye tatizo hadi mwisho, subiri, kisha ishushe. Hewa ikibadilika kwa wazi kwenda moto na kurudi, kilango kinatembea, kapime gesi. Isipobadilika, gesi iache.

"Tik tik tik" ndani ya dashibodi

Sauti ya kugonga inayodumu sekunde 10 au 20 mara tu unapowasha gari au kubadilisha halijoto ni meno ya plastiki yaliyovunjika ndani ya mota ya kilango. Mota inazunguka, meno yanaruka, kilango hakisogei. Muombe mtu abonyeze vitufe huku ukishika mota moja moja. Yenye kasoro utaihisi inapiga kidoleni.

Toa mota na uzungushe mhimili wa kilango kwa vidole. Unatakiwa kuzunguka kwa ulaini kutoka kikomo hadi kikomo. Ukikwama katikati, kuna kitu kimeanguka ndani, na mota mpya itavunjika meno wiki hiyohiyo. Mota nyingi zina nyaya tano: mbili za kuzungusha na tatu za kuripoti kilango kiko wapi. Waya wa ishara unatakiwa kupanda na kushuka bila kuruka, kati ya volti 0.5 na 4.5 hivi, kilango kinapotembea.

Mota ya kushoto na ya kulia zinaweza kufanana kwa umbo na kutofautiana kwa namba ya kipuri. Linganisha namba. Funga mota kwanza mahali pake ndipo urudishe umeme, kwa sababu mfumo hujifunza vikomo vya kilango wakati huo. Mota ikiwa inaning'inia, inajifunza uongo. Kwenye magari mengi kujifunza huku huanza ukichomoa fyuzi ya AC kwa dakika chache, ukairudisha, ukawasha swichi na kuacha vitufe bila kuguswa kwa dakika mbili. Mengine hudai mashine ya kupimia.

AUTO inayobadilika yenyewe

Kanda inayojipasha na kujipoza bila mpango inasoma halijoto isiyo sahihi. Kwenye dashibodi kuna kitundu chenye wavu mdogo. Nyuma yake ipo sensa ya hewa ya ndani. Pepeta karatasi nyembamba mbele yake: ikivutwa kidogo, hewa inapita, ikitulia, kamrija kake kamechomoka au kameziba vumbi. Magari ya kanda nne huwa na sensa nyingine nyuma, na begi lililoegemezwa juu yake linatosha kuivuruga. Juu ya dashibodi, karibu na kioo, kuna sensa ya jua. Kitambaa cha kufunika dashibodi kikiifunika, mfumo unadhani ni usiku.

Toyota nyingi za AUTO zina ukaguzi wa ndani: shikilia AUTO na kitufe cha kuzungusha hewa kwa pamoja huku ukiwasha swichi. Kodi 00 ni salama, 11 ni sensa ya ndani, 12 ya nje, 13 ya evaporeta, 21 ya jua. Kodi 21 ikitokea ndani ya gereji yenye giza, toa gari nje urudie kabla ya kununua sensa.

Nyuma baridi, mbele joto; au zote joto

Nyuma baridi na mbele joto kwenye mtambo wa pili ni nadra, na inaelekeza kwenye kilango cha mbele au kizuizi cha gesi cha mbele. Zote mbili zikiwa na joto, rudi kwenye vya pamoja: gesi, kompresa, feni ya kondensa. Ikipoa barabarani na kupata joto kwenye foleni, feni ya kondensa haivuti au kuna tope kati ya kondensa na rejeta.

Kwenye haibridi na magari ya umeme kompresa huendeshwa na umeme wa volti nyingi kupitia nyaya za rangi ya chungwa. Mafuta ya kompresa hiyo kwa kawaida ni ya aina ya POE. Ukiweka ya aina ya PAG unaharibu kinga ya umeme ndani ya kompresa.

Hita ya nyuma, na maji sakafuni

Hita ya nyuma isipopasha, subiri injini ipate joto kamili na uguse mipira yake miwili. Yote ikiwa ya moto, maji yanapita, angalia kilango. Mmoja moto na mwingine vuguvugu: hita imeziba au ina hewa. Yote baridi: vali ya maji imefungwa au kuna hewa kwenye mabomba marefu ya chini, jambo la kawaida kila maji ya rejeta yanapobadilishwa. Injini ikiwa imepoa, jaza maji, inua pua ya gari, washa hita zote hadi mwisho, acha injini iungurume hadi thamostati ifunguke, na uongeze kadiri mapovu yanavyotoka. Kifuniko cha rejeta kisiguswe injini ikiwa moto.

Zulia la nyuma likilowa, chovya kitambaa cheupe. Maji safi yasiyo na harufu ni ya evaporeta: mrija wa kutolea maji umeziba, nao utaukuta ukitokeza chini ya sakafu karibu na tairi la nyuma, uzibue kwa waya laini kutoka chini, polepole, usije ukatoboa evaporeta. Kwa mtambo wa paa, mirija hushuka ndani ya nguzo, na dalili ya kwanza ni tone linalomwangukia abiria gari linapokata kona. Maji yenye rangi, utelezi na harufu tamutamu ni ya hita au mabomba yake. Hayo yasisubiri, maana kila tone limetoka kwenye injini.